Je, Wajua? Mguu, Ngazi na Ugali wa Udaga

Je, wajua kwamba konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao wengi huuhusisha na Kongo na Msumbiji, uliwahi kuipiga wilaya ya Tarime, mkoani Mara, Tanzania? Ilikuwa mwaka 1985. Siku hizo Tarime ilienea mpaka Shirati kando ya Ziwa Viktoria, maana Rorya, yenye Shirati leo, haikuwa wilaya hadi 2007. Watu 116 waliripotiwa kupooza. Konzo haibishi hodi: mtu hulala mzima, akaamka au akatoka kwenye safari ndefu ya mguu, miguu imekakamaa, magoti yanagongana, anakanyagia ncha za vidole. Huwapata zaidi akina mama na watoto. Miguu ikishashikwa haizidi kuharibika, lakini hairudi ilivyokuwa.

Waliofuatilia mkasa huo ni Dakta William Howlett, bingwa wa mishipa ya fahamu, Dakta Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na Msweden Hans Rosling, aliyekuwa amekutana na ugonjwa huohuo Nampula, Msumbiji, mwaka 1981. Taarifa yao ilichapwa mwaka 1990 katika jarida la Uingereza liitwalo Brain.

Neno konzo lenyewe ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Mtaliano Giovanni Trolli aliliandika mwaka 1938.

Je, wajua nani aliifunga miguu hiyo? Jibu la hospitali ni sianidi. Muhogo mchungu una sumu hiyo, na mwili huiondoa kwa msaada wa salfa inayopatikana kwenye nyama, samaki, maziwa na maharage. Anayekula muhogo usioandaliwa vizuri wiki baada ya wiki, bila kitoweo cha maana, mwili wake huishiwa silaha.

Sasa simama kidogo kwenye mwamba wowote mkubwa wa Mara, ile miamba myeupe ambayo kila mwenyeji amewahi kuiteleza utotoni, uangalie udaga, muhogo mkavu wa kusaga, unavyotengenezwa. Muhogo humenywa, ukarundikwa na kufunikwa majani, ukavundikwa siku tatu nne mpaka ukalainika na kuota ukungu mweusi. Ukungu hukwanguliwa kwa kisu, vipande vikamegwa na kutandazwa juu ya mwamba. Jua likifanya kazi yake, kipande hulia kikavu ukikivunja. Ndipo kinapoenda kinuni au mashineni. Kila hatua katika hizo inatoa sumu. Kila hatua inakula siku.

Mwaka wa ukame muhogo huzidi uchungu na mazao mengine hukauka shambani. Mama mwenye watoto wanaolia njaa hana siku nne za kungoja. Anaruka hatua. Kwa hiyo ukiuliza nani aliifunga miguu, unaweza kutaja sianidi, unaweza kutaja ukame, unaweza kutaja ghala tupu na mnada ambako hakuna aliyekuwa na pesa. Majibu yote ni ya kweli. Wasomi wa ulemavu wamegawanyika kwa sababu kila mmoja ameshika jibu moja kati ya hayo, na ndiyo maana natamani nadharia zao zisomwe kuanzia hapa kwetu.

Je, wajua kwamba jibu la kwanza lina jina? Ni mtazamo wa kitabibu. Hitilafu imo mwilini, mtaalamu ni daktari, na kazi ya mgonjwa ni kutibiwa. Mwanasosholojia wa Marekani Talcott Parsons alieleza mwaka 1951 kwamba mgonjwa husamehewa majukumu yake kwa sharti kwamba ajitahidi kupona. Lakini mwenye konzo haponi. Je, asamehewe majukumu maisha yake yote? Katika nyumba ya mkulima wa Tarime, kusamehewa majukumu ni kutengwa na uamuzi wa shamba, wa ng'ombe na wa mahari.

Je, wajua kwamba mwaka 1972 barua moja ya gazetini iligeuza somo hili lote? Aliyeiandika ni Paul Hunt, Mwingereza aliyekuwa ameishi miaka mingi katika makao ya watu wenye ulemavu. Barua ilitoka kwenye The Guardian mwezi Septemba, ikiwaita wenzake waungane. Umoja wao ulitoa mwaka 1976 maelezo yenye mgawanyo mmoja tu, mzito: upungufu ulio mwilini ni kitu kimoja, ulemavu ni kitu kingine, na ulemavu ni kile ambacho jamii inamwongezea mtu juu ya upungufu wake.

Mmoja wa vinara wao alitoka Afrika. Vic Finkelstein alizaliwa Johannesburg, akafungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akahamia Uingereza mwaka 1968. Mtu aliyeziona sheria zikimzuia Mwafrika kuingia mlango fulani hakuhitaji kufundishwa kwamba mlango unaweza kumzuia mtu bila kosa la mwili wake. Aliwahi kutunga kisa cha kijiji ambacho wakazi wote wanatumia viti mwendo. Wanajenga nyumba za dari fupi na milango mifupi, kwa kuwa hakuna anayehitaji zaidi. Wanapokuja watu wachache wanaotembea kwa miguu, wanajigonga vichwa kila siku. Madaktari wa kijiji wanawapima, wanawapa kofia ngumu, wanawaandikia mikanda ya kuwainamisha.

Aliyewahi kuingia nyumba ya zamani ya msonge, paa limeshuka hadi usawa wa kifua, anakijua kisa hicho kwa paji la uso.

Jina la «mtazamo wa kijamii» lilitiwa na msomi Mike Oliver mwaka 1983.

Je, wajua ngazi tatu zina urefu gani kwa mtu wa kiti mwendo? Twende taratibu. Ngazi moja ya kawaida huinuka kama sentimita 15. Ngazi tatu ni 45. Kipimo kinachopendekezwa na wajenzi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda ipate sentimita 12 za mteremko, ili mtu asukume magurudumu mwenyewe bila kurudi nyuma. Kwa hiyo ofisi ya kata yenye ngazi tatu mlangoni inahitaji njia ya mteremko ya mita 5 na sentimita 40. Nimeziona njia za mteremko zisizofika hata mita mbili, zimemwagwa zege siku ya mwisho ili ripoti iseme zipo. Mtu akizipanda hulazimika kusukumwa na vijana wawili, na akishuka ni kwa kushikiliwa. Mwenyewe aliyekuwa amevaa suti yake kwa ajili ya kikao anaingia akiwa ameshikwa mabegani kama mzigo wa chumvi.

Nje ya ofisi kuna barabara. Ukitoka Tarime mjini kuelekea vilimani, au Mugumu kuelekea Nata, masika yakiwa yamekata udongo, baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono huwa ya kuegesha tu. Anayeweza kulipa boda boda anafika kliniki. Asiyeweza anabaki nyumbani, na kwenye daftari la kliniki anaandikwa kwamba hakuhudhuria.

Je, wajua kwamba sheria yetu inakubaliana na Finkelstein kuliko inavyokubaliana na Parsons? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaueleza ulemavu kuwa ni kupoteza au kupunguziwa fursa ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, za kiakili au za kijamii. Neno la kushika hapo ni fursa. Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 10 Novemba 2009, karibu miaka mitatu tangu upitishwe.

Katika ajira, sheria ya mwaka 1982 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 awatengee watu wenye ulemavu asilimia 2 ya nafasi. Ile ya 2010 ilishuka hadi mwajiri mwenye wafanyakazi 20, na kupandisha kiwango hadi asilimia 3. Katika mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani hugawiwa wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Kanuni zilidai kikundi, lakini baadaye zikalegezwa mpaka mtu mmoja mwenye ulemavu akaweza kuomba peke yake, jambo la maana katika kijiji chenye mshonaji mmoja kiziwi na hakuna mwenzake wa kuunda naye kikundi.

Je, wajua kwamba idadi ya watu wenye ulemavu nchini iliruka bila magonjwa kuongezeka? Sensa ya 2002 ilipata takribani asilimia 2. Utafiti wa taifa wa mwaka 2008 ulipata asilimia 7.8 ya watu wenye miaka 7 na zaidi. Sensa ya 2012 ikapata 9.3, na ya 2022 ikapata 11.2 kwa umri huohuo. Kilichobadilika zaidi ni swali. Zamani karani aliuliza kama kuna mlemavu. Baadaye yakaja maswali sita yaliyoandaliwa kimataifa: je, unapata ugumu wa kuona hata ukivaa miwani, wa kusikia, wa kutembea au kupanda ngazi, wa kukumbuka, wa kujihudumia kama kuoga na kuvaa, wa kuwasiliana na wengine?

Uone mwenyewe tofauti yake. Karani anaingia uani.

«Shikamoo babu.»

«Marahaba mjukuu wangu. Karibu kigoda.»

«Babu, humu ndani kuna mlemavu?»

«Hakuna, tunashukuru Mungu. Wote wazima.»

«Na wewe babu, unapata ugumu wowote kutembea?»

«Kutembea? Tangu masika ya juzi sijafika mnadani. Ng'ombe wangu wanauzwa na watu, bei naletewa kwa simu.»

Mara zote mbili mzee hakudanganya. Neno mlemavu kwake ni mtu wa aina nyingine. Ugumu wa kutembea ni maisha yake.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina mgawanyo wa Waingereza wale tangu zamani? Tunasema «ana kilema cha mguu», tukimaanisha kasoro yenyewe, na tunasema «ulemavu», tukimaanisha hali ya kuishi nayo. Tena tunasema kilema chake ni ulevi, na hapo hakuna mguu wala jicho. Ila neno hilohilo tulimbandika mtu mzima mzima, akawa yeye ndiye kilema, na hapo ndipo tulipokosea.

Kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo, kichaa: yote yamepangwa na kiti na kisu. Ni kweli kwamba kijana na kiongozi nao wamo humo, kwa hiyo si haki kuilaumu ngeli peke yake. Na sarufi yenyewe imewatetea: tunasema kiziwi amefika, hatusemi kimefika. Safari ya maneno ya kiofisi imekuwa ndefu, kutoka vilema hadi wasiojiweza, hadi walemavu, hadi watu wenye ulemavu. Katika zote hizo «wasiojiweza» ndilo lililonichoma zaidi, maana nimewaona watu walioitwa hivyo wakilima kwa magoti.

Je, wajua kwamba methali moja yetu ni nadharia kamili? Hujafa hujaumbika. Mwanasosholojia Irving Zola wa Marekani, ambaye mwenyewe alitembea kwa msaada wa vifaa, aliandika mwaka 1989 kwamba sera ya ulemavu isihesabu kundi dogo la watu wengine, kwa kuwa kila binadamu akiishi vya kutosha atafika huko. Bibi zetu walikuwa wameshalisema kwa maneno mawili. Msomi Mtanzania Joseph Kisanji alichukua njia hiyo miaka ya 1990, akaichambua mitazamo ya jamii zetu kwa kupitia methali na ngano.

Je, wajua asili ya neno la vitabu vya kigeni tunalolitafsiri unyanyapaa? Ni alama waliyochanjwa watumwa wa Ugiriki. Msomi Erving Goffman, mwaka 1963, alionyesha kwamba alama hiyo huambukiza: mama, ndugu na hata rafiki wa mtu mwenye ulemavu hupakwa nayo. Mahali ambapo ndoa hupimwa kwa ng'ombe, dada wa mtoto mwenye kifafa anaweza kuulizwa habari za damu yao kabla ya ng'ombe wa kwanza kutoka zizini.

Hata hivyo usiharakishe kusema kwamba kila familia inaficha mtoto. Mnorwei Benedicte Ingstad alifanya kazi Botswana miaka mingi na akakataa habari hiyo kwa ushahidi. Wengi aliowakuta ndani hawakuwa wamefichwa. Hawakuwa na kiti, hawakuwa na wa kuwabeba, na mama alikuwa shambani. Mwenzake Aud Talle aliandika juu ya Wamasai wa Kenya, ndugu wa majirani zetu wa upande wa mashariki ya Serengeti, na kichwa cha sura yake kinatosha: mtoto ni mtoto. Insha zote mbili zimo katika kitabu kimoja cha mwaka 1995, na aliyekihariri pamoja na Ingstad, Susan Reynolds Whyte, alifanya utafiti wake Uganda mashariki.

Mtu wa misaada anayeingia boma la Tarime akishuhudia mtoto amelala gizani anahitaji kuuliza swali moja kabla ya kupiga picha: mchana huu, nani mwingine yupo nyumbani?

Je, wajua kwamba Wakurya wa Tarime walikuwa wamebadili mpangilio wa jamii ili mwili usimfunge mtu, zamani kabla ya vitabu vya London? Nasema juu ya nyumba ntobhu. Mama asiyepata mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe na kuoa binti. Binti huzaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto ni wa nyumba ya yule mama: wanarithi, wanaendeleza jina, wanamtunza uzeeni. Kutozaa mtoto wa kiume si ulemavu, nalijua hilo. Na desturi hii ina jeraha lake, kwa kuwa mabinti wadogo wa familia maskini wameozwa humo bila hiari yao, na hilo silitetei. Lakini tazama hatua ya kwanza ya fikra. Wazee hawakuishia kumtafutia mama yule dawa. Waliuliza: nyumba hii inakosa nini, na utaratibu gani utaleta kinachokosekana? Jamii iliyoweza kuuliza hivyo kuhusu tumbo la mama inaweza kuuliza hivyohivyo kuhusu macho na masikio.

Je, wajua kwamba mtazamo wa kijamii nao umepata wakosoaji kutoka upande wetu wa dunia? Mwaka 2011 Helen Meekosha wa Australia aliandika kwamba wasomi wa Ulaya na Marekani walishughulika sana na ngazi na milango, wakasahau kuuliza upungufu wa mwili unatoka wapi katika nchi zilizotawaliwa: vita, migodi, risasi, viwanda. Tarime inaielewa hoja hiyo bila mkalimani. Mapigano ya koo yameacha watu wenye mikono iliyokatwa. Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, wanavijiji walifungua kesi Mahakama Kuu ya London mwaka 2013, wakidai kwamba ndugu zao waliuawa na wengine walijeruhiwa kwa risasi za polisi katika mgodi. Kampuni ilikanusha kuwajibika, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015.

Kumwambia mtu mwenye risasi mgongoni kwamba tatizo lake ni ngazi tu ni kumnyima nusu ya habari yake.

Je, wajua kwamba shule aliyoanzia Julius Nyerere mwaka 1934, Mwisenge ya Musoma, inapokea leo watoto wasioona na wenye ualbino wa mkoa wa Mara? Wasioona hujifunza nukta nundu. Mtoto wa Serengeti akipelekwa huko anapata kusoma, na anaachana na mama yake akiwa na miaka saba. Wanaotetea shule maalumu na wanaotetea shule jumuishi wote wana haki ya kusikilizwa, lakini waanze kwa kuhesabu kilomita.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani lilipatanisha pande zote tarehe 22 Mei 2001? Siku hiyo lilipitisha utaratibu wa kuuangalia mwili, shughuli za mtu, ushiriki wake na mazingira yake kwa pamoja. Saad Nagi, mzaliwa wa Misri, alikuwa ameanza kuichora njia hiyo mwaka 1965, kutoka ugonjwa hadi upungufu, hadi kushindwa kutenda, hadi ulemavu.

Uweke mkasa wa 1985 katika utaratibu huo. Mwili: mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sianidi. Shughuli: kutembea kwa ncha za vidole, au kwa magongo mawili, au kwa kutambaa. Ushiriki: kama yumo kwenye kikao cha ukoo au anahadithiwa. Mazingira: mvua, bei ya mtama, umbali wa mashine ya kusaga, fimbo iliyochongwa na mjomba. Mtafiti Howard Bradbury wa Australia alionyesha njia nyepesi ya kuongeza usalama: unga wa muhogo ulowanishwe, utandazwe tabaka jembamba, uachwe saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iruke hewani, kisha usongwe ugali siku hiyohiyo. Haihitaji umeme. Inahitaji mkeka na mtu wa kuieleza kwa lugha ya nyumbani.

Mtoto aliyekuwa na miaka sita konzo ilipopita Tarime alitimiza miaka 43 mwaka 2022. Swali la karani lililomhusu ni la tatu katika yale sita, lile la kutembea au kupanda ngazi.